Tu Hii ni ya Nani?

Septemba 3

Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kudhani kwamba kiongozi wa nchi huanza kukifanyia kampeni chama chake siku anapopanda jukwaani amevaa rangi za chama. Jukwaa linaonekana na kila mtu, hata aliyekaa mbali. Kampeni huanza mapema zaidi, ndani ya herufi mbili ambazo hazimshtui mtu: tu. Tumejenga. Tumeleta. Tutamalizia. Anayesema "tumejenga shule" hajasema uongo, maana shule ipo na watoto wamo ndani. Ila hajasema ni nani aliyejenga. Ni serikali, ambayo ni ya wote, hata wale wasiomtaka? Au ni chama chake, ambacho ni cha waliojiunga? Msikilizaji hubeba vyote viwili mpaka nyumbani akidhani amebeba kitu kimoja.

Nayaandika haya kwa sababu leo nimerudi kazini, nikiwa na miaka sabini na mmoja. Kiwanda cha uchapaji cha serikali kimeniita kwa msimu huu wa kampeni, kwa kuwa msomaji prufu wao, anayesahihisha nakala kabla hazijachapwa, amefanyiwa upasuaji wa jicho. Kiti ni kile kile nilichokikalia miaka thelathini na moja. Mguu mmoja bado ni mfupi, na chini yake bado kuna kipande cha kadibodi nilichokikunja mwenyewe. Anayeongoza kiwanda sasa ni mwanamke niliyemfundisha kazi alipoingia hapa akiwa na miaka ishirini na miwili. Wote wanamwita Kaimu, maana anakaimu umeneja mwaka wa pili huu na barua ya kumthibitisha haijaja. Mimi ananiita Mwalimu.

"Mwalimu, macho bado yapo?"

"Yapo. Magoti ndiyo yaliyostaafu."

Mvua imeanza mchana, na bati la ghala linapiga kelele kama zamani.

Septemba 4

Prufu za fomu za mahakama. Nimepata makosa mawili, yote ya mkato. Mvua.

Septemba 7

Nieleze utaratibu, maana bila utaratibu mengine hayataeleweka. Kila karatasi inayotoka kwetu ina nembo ya taifa juu, katikati. Maana ya nembo ile ni kwamba anayesema hapa ni nchi. Kwa hiyo hotuba ambazo Kiongozi anatoa kama mkuu wa nchi tunazichapa sisi, na za chama huchapwa na chama kwa mtambo wao. Kabla ya kuchapa, chini ya prufu huwekwa saini mbili: kwanza ya msomaji prufu, kisha ya meneja. Bila saini hizo mbili, mtambo hauwashwi.

Leo imekuja hotuba ya kwanza ya msimu, ya ufunguzi wa daraja. Kurasa tatu, tu saba. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Tu = nani?" nikairudisha.

Hotuba huletwa na bwana mmoja wa ofisi ya juu, mtu wa makamo, ambaye husema "Ni ya haraka" kabla ya kusalimia. Humu ndani jina lake ni Bwana Haraka. Haikupita saa akarudi.

"Mzee wangu, umeuliza tu ni nani."

"Nimeuliza."

"Ni sisi."

"Sisi nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake na karani. "Mzee, hiyo ni tu tu."

Nilicheka, maana kilugha ilikuwa sentensi nzuri sana, hata kama yeye hakuikusudia. Nikaweka saini. Hotuba yenyewe ilikuwa ya daraja, na haikumwomba mtu kitu.

Septemba 8

Tu tisa.

Septemba 11

Leo nimepewa mapumziko. Amekuja shemeji, kaka wa mke wangu, na mwavuli wenye rangi za chama tawala. Yeye ni mwenyekiti wa tawi, na mwavuli ule hauachi hata jua likiwaka.

Akaniuliza kazi inaendaje, nami nikafanya kosa la kumjibu kwa ukamilifu. Nilimweleza msimamo wangu: mtu akishaapa kuongoza nchi, chama akiache mlangoni. Asiseme hata neno moja la kampeni mpaka siku atakayotoka.

"Shemeji," akasema, "wewe umesoma mpaka umepitiliza."

"Nisahihishe basi."

"Mpinzani wake anazunguka nchi nzima akimwita mzembe. Huyu afanyeje? Atabasamu?"

"Afanye kazi. Kazi itamsemea."

"Kazi haina mdomo. Halafu niambie, mara ya kwanza aliomba kura kwa jina la nani? La chama. Watu walijua, wakampa. Sasa mnataka ajifanye ameokotwa barabarani, hana kwao?"

Mke wangu alikuwa akimimina chai. "Leo kaka yangu kakupata," akasema.

"Bado," nikajibu. Lakini nilikoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari, na wote wawili waliona.

Septemba 12

Nimelifikiria la shemeji njia nzima kwenda kazini, mpaka nikakanyaga dimbwi. Ana hoja. Ukimfunga mdomo aliye madarakani na kumwachia mpinzani wake, umempa mwananchi hadithi ya upande mmoja, na mwananchi naye ana haki ya kusikia majibu kabla hajachagua. Bado nadhani kuna mahali mstari unapaswa kupita. Ila sina hakika tena kwamba unapita pale nilipokuwa nimeuchora.

Septemba 15

Tu kumi na nne. Nimeandika pembeni. Imerudi bila jibu.

Septemba 18

Tu kumi na tisa. Bwana Haraka hakusimama hata kukunja mwavuli. Ghala la karatasi limeanza kuvuja upande wa dirisha.

Septemba 22

Leo nitaandika kwa urefu.

Asubuhi imekuja hotuba ya ufunguzi wa hospitali. Kurasa nane, nakala elfu hamsini, za kugawiwa shule zote na zahanati zote. Kurasa tano za mwanzo ni safi: vitanda vingapi, madaktari wangapi, barabara itapita wapi. Ukurasa wa sita unageuka ghafla, kama gari lililokata kona bila kuonyesha taa: "Tumejenga sisi. Wao walikuwa wapi? Tusipoendelea sisi, nani atawatibu? Siku ile mnajua pa kuweka alama." Na hivyo mpaka mwisho. Tu thelathini na moja, na nembo ya taifa juu ya kila ukurasa.

Niliipeleka kwa Kaimu mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akasema, "Mwalimu, funga mlango."

Nikafunga.

"Bwana Haraka ameshapita kwangu. Ameniambia barua yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwake. Hakuongeza neno."

"Hii mimi siwezi kuiwekea saini."

"Najua." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe ukikataa, Mwalimu, unarudi nyumbani unakunywa chai na mama, na watu watasema mzee yule ana msimamo. Mimi nikikataa, wiki ijayo kiti hiki kina mtu mwingine. Na huyo mwingine ataweka saini kabla hajakaa. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi humu. Nimeanza kwa kufuta wino kwenye mitambo, unajua."

"Najua. Nilikupa kitambaa mimi."

"Basi usinifundishe ujasiri. Nifundishe la kufanya."

 Mimi, ambaye huwa nina maelezo ya kila kitu mpaka mke wangu ananiomba nipumzike, nilisimama pale nikishika kitasa cha mlango. Nilikuwa nimejiona jasiri tangu Septemba 7 kwa kuandika maneno mawili pembeni ya karatasi. Ujasiri wangu ulikuwa haunigharimu kitu. Wake ungemgharimu kazi.

Nikamwambia anipe siku mbili. Akasema Bwana Haraka ametoa mbili hizo hizo.

Septemba 23

Maji yameingia ghalani. Tangu asubuhi sote, na Kaimu mwenyewe akiwa amevua viatu, tulikuwa tukihamisha makasha ya nakala za zamani kutoka rafu za chini. Kasha moja lilipasuka mikononi mwangu, vijitabu vikamwagika. Nikaokota kimoja. Kilikuwa na hotuba ya kiongozi wa miaka ile, yule ambaye kwangu hakuna aliyemfikia hadi leo. Nikakifungua kwa furaha ya kukutana na rafiki.

Kisha mazoea yakaanza yenyewe, nikahesabu. Tu ishirini na tatu. Ukurasa wa mwisho: "Tumetoka mbali pamoja, msituache njiani, mtuchague tena." Nembo ya taifa juu. Chini kabisa, kwenye nakala ya kumbukumbu, saini ya msomaji prufu.

Yangu.

Nilikaa juu ya kasha nikiwa na maji kwenye soksi. Sikukumbuka kulazimishwa. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyeniahidi barua. Niliisoma hotuba ile neno kwa neno, nikarekebisha nukta zake, na sikuona kitu.

Nyumbani nikamwonyesha mke wangu. "Hii naikumbuka," akasema. "Uliisoma kwa sauti hapa mezani. Ulisimama kabisa, na mimi nikakuambia ukae chakula kinapoa."

Sasa naelewa. Tu haionekani na aliye ndani yake. Nilimpenda yule kiongozi, kwa hiyo aliposema "sisi" nilijiona nimo, na mtu hasimami kuuliza jina lake mwenyewe. Huyu wa sasa simpendi sana. Ndiyo maana kila tu yake hunichoma jicho. Wiki tatu nimedhani nalinda nembo, kumbe kwa sehemu nilikuwa nikilinda upande wangu. Shemeji akijua hili atalitumia mpaka tuzikwe.

Kijitabu nimekiweka kando ya jiko kikauke. Kesho nakwenda nacho.

Septemba 24

Nilimwekea Kaimu kijitabu mezani, ukurasa wa mwisho ukiwa wazi. Akasoma, akashuka mpaka chini.

"Saini hii ni yako."

"Ni yangu."

"Na hukuona."

"Nilikuwa mmojawapo wa tu."

Akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Kisha akavuta karibu ile hotuba ya hospitali, akaweka kijitabu cha zamani kando yake. Aligeuza kurasa za zote mbili kwa pamoja, huku na huku, kama mtu anayelinganisha vitambaa.

"Kwa hiyo tatizo si kwamba anasema," akasema.

"Endelea."

"Aseme. Ana chama, ana wapinzani, aseme mpaka akauke koo. Tatizo ni kwamba anasema kwa karatasi yetu. Mtoto wa shule akipewa hiki, na nembo hii juu, atajua ni nchi inamwambia baba yake aweke alama wapi."

 Nimefundisha watu wengi, na najua wakati ambao mwalimu anatakiwa kufunga mdomo.

Akachukua rula. Kati ya ukurasa wa tano na wa sita akapiga mstari, na chini yake akaandika kwa wino: "Nembo inaishia hapa. Yanayofuata ni maneno ya chama. Yana haki ya kuchapwa, kwa mtambo wa chama." Halafu akarudi kwenye zile kurasa tano, na kila penye tu akaandika pembeni: serikali, serikali, wizara, wananchi waliotoa viwanja, serikali. Kumbe ukiuliza vizuri, kila tu ina mwenyewe.

Kwa utaratibu, naanza mimi kuweka saini. Leo alianza yeye. Nikaweka yangu chini ya yake, ndogo.

Bwana Haraka alifika saa sita. Alisoma mstari ule mara mbili.

"Dada Kaimu, unajua unachokifanya?"

"Najua. Ndiyo maana nimeandika kwa wino."

"Niipeleke hivi hivi?"

"Hivi hivi," akasema Kaimu. "Ni ya haraka."

Septemba 25

Hakuna jibu. Mvua.

Septemba 26

Hakuna jibu. Nimesoma prufu za ratiba ya treni. Kaimu amesafisha droo zake zote, na vitu vyake ameviweka kwenye mfuko mmoja. Sikumuuliza.

Septemba 29

Hakuna jibu. Fundi mitambo amesema kwa sauti, ili Kaimu asikie, kwamba akiletwa meneja mwingine yeye atahamia idara ya bahasha. Kaimu akamjibu kutoka ofisini, "Idara ya bahasha haikutaki, unaongea sana." Mfuko bado uko chini ya meza.

Oktoba 2

Imerudi. Bwana Haraka aliiweka kaunta, akasema "Habari za asubuhi" kwanza, na sote tukajua kuna jambo.

Kurasa ni tano. Masahihisho yote ya Kaimu yamekubaliwa, isipokuwa moja: penye "wizara" mtu wa huko juu amerudisha "serikali," na nadhani yuko sahihi. Kurasa za sita hadi nane hazimo. Hakuna barua, hakuna maelezo, hakuna karipio. Saini mbili zikawekwa upya, mtambo ukawashwa saa nne. Niliweka kiganja juu ya meza ili nisikie unavyotetemeka.

"Na zile kurasa nyingine?" Kaimu akauliza.

"Ziko kwa wachapaji wa chama," akajibu Bwana Haraka. Alipofika mlangoni akageuka. "Mzee wangu, unajua sasa hata mimi nikimwandikia mke wangu ujumbe nasita kwenye tu?"

"Mkiwa wawili haina shida," nikamwambia.

Oktoba 5

Mvua imepungua. Shemeji amekuja moja kwa moja kutoka kwenye mkutano wa Kiongozi, matope mpaka magotini.

"Shemeji, mmetuibia tu zetu," akasema kabla hajakaa.

"Nani kasema?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Amesimama akasema, hospitali imejengwa na serikali yenu, mkiwamo msionipenda, nendeni mkatibiwe, hakuna atakayewauliza. Kisha akasema, hapo nimemaliza kama mkuu wa nchi. Sasa nawaombeni kura kama mwanachama. Na gari alilokuja nalo lilikuwa la chama, bovu, lilisukumwa."

"Ukalisukuma wewe."

"Nikalisukuma mimi." Akavuta kiti. "Lakini nikuambie kitu. Pale aliposema 'msionipenda', makofi yalikuwa makubwa kuliko siku zote. Hata sisi wa tawi tulishangaa."

Sijui kama ni mstari wa Kaimu uliofika mpaka jukwaani, au ni washauri waliopima upepo. Sidai kitu. Nikaenda kuleta kile kijitabu cha zamani, nikampa, nikamwonyesha na saini. Alisoma mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko cha mwezi mzima.

"Kumbe," akasema tu. Kisha akaniambia, "Mimi siku hizo nilikuwa upande wa pili. Kijitabu hiki kilinifanya nijione mgeni kwenye nchi yangu. Sikujua ni wewe."

Mke wangu akampa taulo ajifute matope. Tulikunywa chai mpaka birika likaisha, na hatukubishana.

Oktoba 9

Barua ya Kaimu imekuja. Alinisomea mwenyewe. "Tumeamua kuongeza muda wako wa kukaimu kwa miezi sita mingine."

Hawakumthibitisha, na hawakumwondoa. Aliikunja, akaikunjua. Kisha akaniomba kalamu nyekundu, akaandika pembeni ya barua yake mwenyewe, "Tu = nani?" akaibandika ukutani juu ya meza. Mfuko ameufungua. Kikombe chake kimerudi dirishani.

"Miezi sita ni mingi," akasema. "Hotuba ngapi hizo, Mwalimu?"

Oktoba 12

Siku yangu ya mwisho. Msomaji prufu amerudi, jicho limepona, nimemwachia kadibodi ya mguu wa kiti. Hotuba ya leo ilikuwa na tu nne. Tatu zina wenyewe. Ya nne nimeandikia pembeni.

Nilianza msimu huu nikiamini kwamba kiongozi aliye madarakani asikifanyie kampeni chama chake kamwe. Naumaliza nikiamini kitu kilicho kigumu zaidi kukifuata: akifanyie, mchana, kwa jina la chama, kwa gari la chama, kwa karatasi ya chama, na atuambie wazi ni dakika gani ameacha kuwa wa wote. Mstari uko pale. Anayeweza kuulinda si yeye peke yake. Ni kila anayepokea karatasi ile, na zaidi yule anayeipokea kwa furaha.

Kwa hiyo, wewe utakayeusoma ukurasa huu: leo, chukua hotuba ya kiongozi unayempenda, si ya yule usiyempenda, na kila penye tu andika pembeni ni nani.